Kitanzi na Dhamiri

Hapana kabila wala taifa lililopata kuishi chini ya jua bila kuulizwa swali hili: mtu aliyemwua mwenzake atendewe nini? Mfu hasemi. Mjane analia, mayatima wameduwaa, na majirani wamejaa uani na marungu mikononi. Moyo wa binadamu ukiwa katika hali hiyo hutoa jibu upesi: aliyeua na auawe. Jibu hili ni fupi, ni jepesi kukumbuka, na lina sura ya haki. Lakini historia ni mwalimu mzee asiye na haraka, naye hutuambia tuyapime majibu mepesi kabla ya kuyatumia, hasa jibu ambalo likishatumika halina marekebisho.

Nataka, msomaji, tuifuate adhabu ya kifo hatua kwa hatua, katika nchi yetu na katika nchi iliyotuletea sheria yake. Tuone watu waliionaje zamani, waliionaje baadaye, na kwa nini mioyo yao ilibadilika. Jambo hili lina pande mbili, na wenye akili wamesimama pande zote mbili. Kwa hiyo tusianze kwa kushutumu mtu. Tuanze kwa kutazama mambo yaliyotendeka.

Tuanze nyumbani. Wako wadhanio kwamba wazee wetu wa kale walikuwa wepesi wa kumwaga damu. Habari zilizohifadhiwa zaonyesha vingine. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya maisha ya Wagikuyu kilichochapishwa mwaka 1938, aeleza kwamba mtu akimwua mwenziwe, ukoo wake ulilipa ukoo wa mfu mbuzi au kondoo 100 kwa uhai wa mwanamume, na 30 kwa uhai wa mwanamke. Hesabu hiyo ya pili yatuchoma leo, na ni haki ituchome. Uhai hauna bei mbili. Lakini tutazame maana ya desturi yenyewe. Wazee waliona kwamba damu ya pili haimfufui mtu wa kwanza. Ukoo uliopoteza mtu ulikuwa na haja ya kusaidiwa, na ukoo uliotenda ubaya ulikuwa na haja ya kuonja hasara. Mzigo wa mifugo 100 haukumwangukia mwuaji peke yake, bali baba zake, ndugu zake na binamu zake. Basi kila ukoo ulikuwa na sababu ya kuwachunga vijana wake kabla hawajatenda.

Katika miji ya Waislamu wa Pwani sheria ya dini ilikubali kisasi, lakini iliwaachia jamaa wa mfu milango mingine miwili: kupokea dia, au kusamehe. Hivyo neno la mwisho lilikuwa kinywani mwa wale walioumizwa, na msamaha ulihesabiwa kuwa tendo la heshima kubwa.

Hata hivyo wazee wa kale hawakuwa malaika. Miongoni mwa Wakamba palikuwa na desturi iliyoitwa king'ole. Mtu aliyeonekana kuwa mchawi wa kuangamiza watu, au mwizi asiyesikia maonyo, aliweza kuuawa na jamii kwa pamoja. Lakini hata hapo palikuwa na kizuizi: wazee walishauriana kwanza, na jamaa wa karibu wa mshtakiwa alipaswa kuridhia. Tendo likafanywa na wengi ili damu isiwe juu ya mtu mmoja, na koo mbili zisiingie katika vita vya kulipizana. Twaweza kulichukia tendo lenyewe, lakini tusikose kuona kwamba watu wale waliiogopa kazi ya kuua, wakaizungushia ua.

Sasa tuvuke bahari. Sheria iliyokuja kuziondoa desturi hizo ilitoka Uingereza, na nchi hiyo ilikuwa na historia ndefu ya kitanzi. Karibu na mwaka 1800, makosa yaliyoweza kumfikisha mtu kwenye mti wa kunyongea katika nchi ile yalipita 200. Si kuua tu. Kughushi hati, kuiba kondoo, kuiba katika nyumba ya mtu mali ya thamani ya shilingi 40, hayo yote yalikuwa makosa ya kufa. Watunga sheria walidhani kwamba hofu ikizidi, wizi utapungua.

Je, ulipungua? Jambo la ajabu lilitokea. Katika mahakama za Uingereza, walioamua kama mtu ana hatia au hana walikuwa raia 12 wa kawaida, wenye maduka na mafundi. Watu hao walipomwona mbele yao kijana mwenye njaa aliyeiba kitambaa, hawakuwa na moyo wa kumtuma kwenye kamba. Basi wakatafuta njia. Mali iliyoibwa, hata ikiwa ni ya thamani kubwa, waliitaja kuwa ya shilingi 39, ili mwizi asiguswe na sheria ya shilingi 40. Walisema uwongo mahakamani kwa ajili ya rehema. Mwaka 1830 wenye mabenki wa miji mingi walipeleka ombi Bungeni wakitaka adhabu ya kifo iondolewe kwa kosa la kughushi. Hawakusukumwa na huruma peke yake. Waliona kwamba mashahidi walikuwa wakikataa kusema na waamuzi wakikataa kutia hatiani, na wenye kughushi wakienda zao salama. Hapo ndipo palipojulikana kwamba adhabu ikizidi kipimo cha kosa, anayeogopa si mwizi bali mwamuzi.

Cesare Beccaria, kijana wa Milan nchini Italia, alikuwa ameliona jambo hili mapema. Mwaka 1764, akiwa na umri wa miaka 26, alitoa kitabu kidogo juu ya makosa na adhabu. Alisema kwamba kinachomzuia mhalifu si ukali wa adhabu, bali hakika ya kukamatwa na kuadhibiwa. Tena aliuliza, sheria inayokataza watu kuua itawezaje kuwafundisha kwa kuua? Mwaka 1786 nchi ya Toscana, katika Italia hiyohiyo, iliiondoa adhabu ya kifo katika sheria zake.

Waingereza wa zamani waliamini pia kwamba kunyonga mtu hadharani kungewafunza watu adabu. Mpaka mwaka 1783 watu walipelekwa Tyburn, London, kwa mkokoteni, na umati ukawafuata kama watu wanaokwenda kwenye ngoma. Palikuwa na wauzaji wa vyakula, walevi, na waimbaji. Palikuwa na wezi wa mifukoni pia, wakifanya kazi yao katikati ya watu waliokuwa wamekodoa macho kumtazama mwizi mwenzao akining'inia! Mwaka 1849 mwandishi Charles Dickens alikwenda kutazama mume na mke wakinyongwa mbele ya maelfu ya watu. Aliporudi aliliandikia gazeti la The Times. Kilichomtisha zaidi hakikuwa kile kilichotendeka juu ya jukwaa, bali vicheko, matusi na ukatili wa umati uliokuwa chini. Mwaka 1868 kunyonga hadharani kulikomeshwa, na kitanzi kikahamishwa ndani ya kuta za gereza. Kama kitu hiki kilikuwa mafundisho mema, mbona mwalimu alijificha?

Sheria hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Mwanzoni Waingereza walitumia hapa kanuni za jinai zilizotungwa kwa ajili ya Bara Hindi. Mwaka 1930 wakaleta Kanuni ya Adhabu mpya. Mwenye kuua kwa kukusudia sharti anyongwe. Jaji hakuachiwa nafasi ya kuuliza: mtu huyu alikuwa na umri gani, alichokozwa, aliogopa nini? Akiisha kumtia hatiani, kinywa chake kilikuwa na neno moja tu la kutamka.

Haikupita miaka miwili kabla neno hilo moja halijapata mtihani mkubwa. Katika Ukambani mke wa mtu mmoja aliugua, ikaaminiwa kwamba amerogwa. Mwanamke aliyeshukiwa kuwa mchawi akaletwa, akaamriwa aondoe uchawi wake. Ugonjwa haukuondoka. Watu wakampiga kwa fimbo, mikono mingi pamoja, hata akafa. Kwa macho yao wenyewe walikuwa wakitimiza kazi ya kale ya king'ole. Kwa macho ya sheria mpya walikuwa wauaji, kila mmoja wao. Washtakiwa walikuwa 70, nayo kesi imeandikwa katika vitabu vya sheria kwa jina la Kumwaka wa Mulumbi na wenzake 69. Mwaka 1932 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwahukumu watu 60 kunyongwa hata wafe.

Hebu fikiri, msomaji. Sitini! Kwa kifo cha mtu mmoja. Mahakama haikukosea kusema kwamba kumshuku mtu uchawi si ruhusa ya kumwua. Mwanamke yule alikufa kifo cha kuogofya, naye alikuwa na haki ya kuishi kama mtu yeyote mwingine. Lakini hapana aliyeweza kuamini moyoni kwamba haki yake ingetimizwa kwa kuifanya miti 60 iliyopigwa kuwa vitanzi 60. Hata watu wa Uingereza waliosoma habari hizo walishtuka. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki haikuitengua hukumu. Mwishowe Gavana na Baraza lake waliibadilisha, wale watu wakapewa vifungo badala ya kifo. Baadaye, mwaka 1933, tume iliyoongozwa na Grattan Bushe ilichunguza namna haki ya jinai ilivyokuwa ikitendwa Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kesi hii ina funzo ambalo lingechukua miaka 85 kueleweka barabara katika nchi yetu. Sheria iliyomfunga jaji ulimi ilimlazimisha kutamka hukumu ambayo Serikali yenyewe haikuweza kuitekeleza bila aibu. Rehema haikupatikana mahakamani mahali pa haki. Ilibidi kutafutwa mlango wa nyuma, katika ofisi ya mtawala. Na mtu anayetegemea rehema ya mtawala hutegemea upepo: leo wavuma huku, kesho wavuma kule.

Upepo ulibadilika upesi. Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa katika Kenya. Hofu ilienea katika nyumba za walowezi na katika vijiji vya Wagikuyu vilevile. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, watu wengi wakiwamo wanawake na watoto waliuawa kwa mapanga na moto, na kisasi kilichofuata kikaua wengine wengi. Hofu ilipozidi, Serikali ilipanua mlango wa kifo. Kumlisha mtu kiapo cha Mau Mau, kuonekana na silaha au hata risasi, kufuatana na wapiganaji, yote yakawa makosa ya kunyongwa. Mahakama za pekee zikaundwa ili kesi ziende mbio, na mara nyingi washtakiwa wengi walisimamishwa kizimbani pamoja.

Mwanahistoria David Anderson, aliyezichunguza kumbukumbu za mahakama hizo, alipata kwamba watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Hata nusu yao hawakutiwa hatiani kwa kosa la kuua. Wengi walikufa kwa sababu ya silaha, risasi, viapo, au watu waliokuwa nao. Miaka 20 kabla, vifo 60 vilionekana kuwa vingi mno hata mtawala akavizuia. Sasa 1,090 vilipita, na wengi wa wale waliokuwa na sauti katika Bunge na magazeti hawakusema neno. Sheria ilikuwa ileile ya kitanzi. Kilichobadilika ni hofu iliyokuwa mioyoni mwa wenye kuishika. Tukumbuke basi kwamba adhabu ya kifo haitumiki katika hewa tupu. Hutumiwa na watu, na watu wenye hofu hawana mkono mwepesi.

Miongoni mwa 1,090 alikuwamo Dedan Kimathi. Alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Alizikwa katika kaburi lisilo na alama, na jamaa zake wakaomba kwa miaka mingi waonyeshwe mahali pake. Miaka 50 kamili baadaye, tarehe 18 Februari 2007, Serikali ya Kenya ilifunua sanamu yake katikati ya Nairobi, katika barabara yenye jina lake. Aliyenyongwa kama mhalifu akasimamishwa kama shujaa. Hukumu za watu zaweza kugeuka hivyo. Lakini kamba haigeuki. Taifa linaweza kumjengea mtu sanamu ya shaba, haliwezi kumrudishia pumzi.

Katika miaka hiyohiyo, Waingereza nyumbani kwao walikuwa wakianza kuitilia shaka adhabu wanayoitumia hapa kwa wingi. Mwaka 1950 dereva mmoja aitwaye Timothy Evans alinyongwa London kwa kosa la kumwua binti yake mchanga. Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa John Christie, aliyekaa katika nyumba hiyohiyo. Mwaka 1953 maiti za wanawake zilivumbuliwa katika nyumba ile, ikajulikana kwamba Christie mwenyewe ndiye mwuaji wa watu wengi. Hata kumwua mke wa Evans alikiri. Christie naye akanyongwa. Mwaka 1966 Evans alipewa msamaha wa Malkia. Msamaha huo ulisomewa nani? Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka 1953 pia alinyongwa Derek Bentley, kijana wa miaka 19 mwenye akili nzito. Askari aliuawa kwa risasi. Aliyefyatua alikuwa mwenziwe wa miaka 16 ambaye umri wake ulimwokoa, na Bentley alikuwa amekwisha kushikwa risasi ile ilipotoka. Mwaka 1998 mahakama iliitengua hukumu yake, miaka 45 baada ya yeye kufa. Mambo ya namna hii yaliwachoma watu. Watu wa mwisho walinyongwa Uingereza Agosti 1964. Mwaka 1965 Bunge likasimamisha kunyonga kwa kosa la kuua, na mwaka 1969 likathibitisha uamuzi huo uwe wa daima.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Bunge lilipopiga kura hiyo, raia walio wengi bado walitaka kitanzi kibaki. Wabunge walitangulia mbele ya watu wao. Watu walifuata polepole sana. Ilipita miaka karibu 50 kabla utafiti wa maoni haujaonyesha kwamba wanaotaka kitanzi kirudi wamepungua chini ya nusu. Mawazo ya watu wengi si mlima usiosogea. Husogea, lakini kwa mwendo wa kobe.

Kenya huru ilirithi sheria hiyo pamoja na majengo ya mahakama na kofia za majaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, ujambazi ulipozidi, Bunge liliongeza kosa la unyang'anyi wa kutumia nguvu katika makosa ya kifo. Hata hivyo mkono wa kutekeleza ulizidi kuwa mzito. Mara ya mwisho watu kunyongwa katika nchi yetu ilikuwa mwaka 1987, katika gereza la Kamiti. Kati yao alikuwa Hezekiah Ochuka, aliyehukumiwa kwa uhaini kwa sababu ya jaribio la kuipindua Serikali tarehe 1 Agosti 1982. Tangu hapo hapana aliyenyongwa.

Lakini hukumu ziliendelea kutamkwa. Wakaingia mamia, kisha maelfu, katika sehemu ya gereza wanakokaa wenye kungoja kifo. Kila asubuhi mtu huamka akijua kwamba sheria yasema afe, wala hajui ni lini. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha, akataja mateso ya kungoja huko. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta alibadilisha hukumu za wengine 2,747. Ona basi: mlango wa nyuma uliotumiwa kwa Wakamba 60 mwaka 1932 ulikuwa ungali ukitumiwa, tena kwa maelfu.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi iitwayo ya Muruatetu, iliufungua mlango wa mbele. Ilisema kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila mwuaji, bila kusikiliza habari za mtu mwenyewe na hali ya kosa lake, haipatani na Katiba. Haikuifuta adhabu ya kifo. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe yasema kila mtu ana haki ya kuishi, ila kwa kadiri sheria iruhusuvyo vingine. Mwaka 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la kuua peke yake. Lakini ulimi wa jaji katika kosa hilo ulifunguliwa. Sasa aweza kuuliza yale ambayo jaji wa mwaka 1932 alikatazwa kuuliza.

Basi tuwasikilize watu. Wanaotaka kitanzi kibaki wana hoja zao, na si haki kuzidharau. Husema: dawa ya moto ni moto. Husema mwuaji amechukua kisichorudishwa, naye akilishwa gerezani kwa kodi ya mjane wa mtu aliyemwua, huko ni kumtukana mfu. Husema tena kwamba sheria ikilegea, watu wataishika mikononi mwao. Mwenye kusema haya mara nyingi amezika mtu. Asiyezika na amwendee kwa adabu.

Wasiotaka kitanzi husema: mahakama ni ya binadamu, na binadamu hukosea. Husema maskini asiye na wakili hodari yuko karibu na kamba kuliko tajiri. Husema kifungo cha maisha humwondoa mtu mbaya katikati yetu, na ikiwa tumekosea, mlango wa gereza waweza kufunguliwa, bali mlango wa kaburi haufunguki.

Na kuhusu ile hofu ya watu kushika sheria mikononi, tuseme ukweli. Mtu akipiga kelele ya "Mwizi!" sokoni leo, katika nchi yenye adhabu ya kifo vitabuni, umati hukusanyika, mawe hurushwa, na mara gurudumu la gari hutafutwa na moto. Kitanzi kilichoandikwa katika sheria hakikuuzuia mkono huo. Pengine kinaufundisha. Wale wazee wa Ukambani angalau walishauriana, wakamwuliza jamaa wa mshtakiwa. Umati wa sokoni haumwulizi mtu. Kinachowaponyesha watu hasira ya namna hiyo ni polisi anayefika kwa wakati, kesi isiyochelewa, na hakimu asiyenunuliwa. Hayo ndiyo aliyoyasema yule kijana wa Milan mwaka 1764.

Jirani zetu wa Rwanda wametupa mfano mzito kuliko yote. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalimaliza mamia ya maelfu ya watu katika siku 100. Kama iko nchi duniani iliyokuwa na sababu ya kusema aliyeua na auawe, ni ile. Na kweli, tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 waliotiwa hatiani walipigwa risasi hadharani. Lakini mwaka 2007 Rwanda iliiondoa adhabu ya kifo. Sababu moja ilikuwa ya sheria: nchi nyingine na mahakama ya kimataifa hazikukubali kuwapeleka washtakiwa mahali wanapoweza kuuawa. Walakini uamuzi ulikuwa wao, nao waliufanya wakiwa na makaburi mengi kuliko sisi.

Nimeahidi kutokuamulia upesi, msomaji, lakini sitaficha nilipofika. Katika safari hii yote sikuona mahali ambapo kitanzi kilimrudisha aliyekufa, wala mahali ambapo kiliiponya hofu ya watu. Nimeona mahali ambapo waamuzi walisema uwongo ili wakikwepe, mahali ambapo watawala walikizuia kwa aibu, na mahali ambapo hofu ilikipa kazi ya watu 1,090. Nimemwona Evans akipewa msamaha kaburini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tunapoisifu adhabu hii, aghalabu tunafikiri juu ya mtu mwingine, si juu ya ndugu yetu aliyeshtakiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Pengine wewe utafika mahali pengine, na una haki. Lakini siku moja utapiga kura, au utakaa katika Bunge, au utavaa joho la jaji, au utasimama tu sokoni wakati kelele ya "Mwizi!" inapopigwa na watu wanaanza kuokota mawe. Swali ambalo vitabu vya sheria huliuliza kwa maneno marefu litakujia hapo kwa neno moja, na nafasi ya kufikiri itakuwa fupi. Afadhali uanze kufikiri leo, mikono yako ikiwa ingali mitupu.